Namba 17.2: mtutu wa bastola ya gobori uliotoka ukutani

Mtutu ulikuwa ndani ya ukuta wa tembe la babu, kijiji kimoja cha Iringa Vijijini, usawa wa kifua cha mtu mzima. Vijana walikuwa wanabomoa ili wapate uwanja wa kufyatulia tofali. Sururu ikalia chuma, udongo ukaporomoka, kikadondoka kitu kama kipande cha bomba chenye mkia bapa upande mmoja. Wa kwanza kukiokota alisema ni bomba la maji. Wa pili, ambaye amewahi kuona gobori la wawindaji, akakigeuza, akachungulia ndani ya mdomo wake na kusema, "Huu ni mtutu, na ni wa bastola."

Alisema kweli, ila hakujua kwamba jicho lake lilikuwa limetazama moja kwa moja kwenye baruti. Hilo tuligundua wiki tatu baadaye, na wakati huo tulikuwa tumeshafanya makosa mengine manne. Nayaandika kwa mpangilio yalivyotokea, pamoja na yale tuliyopaswa kufanya, kwa sababu nyanda hizi za juu bado zina vyuma vingi vya namna hii kwenye kuta, vihenge na dari za wazee.

Kosa la kwanza halikuchukua hata saa moja. Binamu yangu ana karakana ya kuchomelea mageti. Akafunga brashi ya waya kwenye grenda na kuupitisha mtutu kwa kama dakika tatu, upande wa juu na kidogo upande wa kushoto. Chuma kikang'aa kama kijiko kipya, watu wakafurahi. Sasa, mtutu wa chuma cha kale una ngozi yake: rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, iliyojijenga kwa miaka mingi. Chapa za waliotengeneza na waliokagua hupigwa kwa nyundo juu ya chuma, kina chake mara nyingi hakizidi nusu milimita, na kutu ikishakula pembeni kinachobaki ni chembamba kuliko ukucha. Brashi ya waya inayozunguka kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika haitofautishi kutu na chapa. Sehemu aliyosafisha ikawa laini kabisa, na kama mtakavyoona, ilikuwa ndiyo sehemu yenye jibu la swali kubwa.

Habari ya chuma cha zamani haikai kijijini siku mbili. Siku ya tatu alifika dalali kutoka Mbeya, mwenye mkoba, kioo cha kukuzia na maneno mengi. Alitwambia mambo matatu. Kwanza, mtutu ni wa miaka ya 1720, maana ubavuni mwake zinasomeka namba 1, 7 na 2, na "ya mwisho imeliwa na kutu." Pili, ni silaha ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyotekwa kwa Wajerumani kule Lugalo. Tatu, ndani yake mna zebaki nyekundu, kwa hiyo bei haipungui milioni 40. Ili apime zebaki akaomba ada ya kipimo, shilingi 150,000. Baba mkubwa akalipa. Dalali akasema kipimo kiko Mbeya.

Zebaki nyekundu haipo. Haimo kwenye magobori, haimo kwenye cherehani za zamani, haimo kwenye redio za mkoloni. Mtu akiitaja, mpe maji ya kunywa na umwonyeshe njia. Kuhusu Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski na kuchukua bunduki nyingi, lakini silaha za kikosi kile zilikuwa Mauser za kujazwa kwa nyuma, zenye tundu la milimita 11. Mtutu unaojazwa kwa mdomoni, tena mpana hivi, hautoki huko. Njia yake ya kawaida ya kufika bara ni misafara ya biashara: Bagamoyo, Kilwa, pembe za ndovu zikishuka, nguo na magobori yakipanda. Katika karne ya 19 silaha chakavu na silaha za bei rahisi kutoka Ulaya zilipitia Zanzibar kwa makumi ya maelfu. Kwa hiyo mtu akikuletea jina la mtu mkubwa kabla hajapima chochote, mwombe kwanza apime.

Kosa la kusafiri nalo ndilo linalonifanya nisimame kidogo. Tulipanda basi kutoka Iringa hadi Mbeya, baba mkubwa na mimi, mtutu ukiwa kwenye mfuko wa sandarusi chini ya kiti, umefungwa kwenye khanga. Barabara hiyo ina vizuizi, na hatukuwa na karatasi yoyote. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha bila kibali ni kesi, na mtutu ndio mwili wa silaha. Usianze kujenga hoja kwamba ni kipande tu, kwamba hakina mtambo wa kufyatulia, kwamba ni kikuukuu. Hoja hiyo utaitoa ukiwa tayari mahabusu. Tulipita kwa bahati, na bahati haiigwi.

Mbeya, dalali hakutokea. Simu iliita hadi ikazimwa. Tukiwa tumekwama Mwanjelwa, fundi mmoja wa vyuma akajitolea kutufungulia kizibo cha nyuma "ili tuone hiyo zebaki." Akakaza mtutu kwenye jiliwa, akajaribu kwa spana ya bomba, meno ya spana yakaacha mikwaruzo mitatu kwenye chuma, kizibo hakikusogea. Akachukua tochi ya gesi. "Tukipasha moto kidogo kitalegea, mzee." Baba mkubwa ndiye aliyekataa, si kwa kujua hatari, bali kwa kuona khanga ya mama mkubwa itaungua. Tukampa 10,000 ya usumbufu tukarudi na basi la asubuhi.

Hapa ndipo kipimo cha kwanza kabisa kinapohusika, kile tulichopaswa kufanya siku ile ile ukutani. Gobori hujazwa kwa mdomoni: baruti, kisha tambara au karatasi, kisha risasi, vyote vikashindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia. Ukilikuta limelala miaka mia, hujui kama aliyelificha alilitoa mzigo wake kwanza. Baruti nyeusi iliyokaa kavu haifi kwa uzee. Chukua ujiti wa mti mlaini au mwanzi, usiwe wa chuma. Ingiza kwa mdomoni taratibu hadi ugonge mwisho, huku mdomo umeelekea ukuta na mwili wako uko pembeni. Weka alama kwenye ujiti usawa wa mdomo. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae usawa wa mdomo. Ncha ya ujiti inatakiwa ifike karibu na tundu la moto, kile kitundu kidogo cha ubavuni upande wa nyuma. Ikiishia mbali nalo, kuna kitu ndani.

Wa kwetu, toka mdomoni hadi tundu la moto ni sentimita 21.2. Ujiti uliingia 18.1. Zilipungua sentimita tatu na zaidi, na hizo ndizo zinazotosha baruti kiasi na tambara lake.

Kuanzia hapo hatukugusa tena. Ukifika hatua hii usichimbe, usigonge, usitie drili, usipashe moto, usijaribu kuchomoa kwa waya. Ulaze mahali pasipo na jiko wala watoto, mdomo ukielekea ukuta mnene wa udongo, kisha nenda kaseme. Baba mkubwa alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji akapiga simu kituo cha polisi, wakaja kuuchukua wao wenyewe. Yaani sisi tuliosafiri nao kilomita mia tatu na ushee kwenda na tena kurudi, hatukuruhusiwa kuubeba hata hadi barabarani. Baba mkubwa aliandika maelezo ya kurasa mbili. Aliulizwa vizuri, akajibu vizuri, na hakuna aliyelala ndani. Safari ya Mbeya hatukuificha. Ilituletea maneno makali, na tulistahili.

Fundi silaha alimimina maji mdomoni na kwenye tundu la moto, akauacha umesimama siku mbili, akaongeza maji tena. Ndipo akaingiza kijiti chenye ncha iliyosokotwa kama kizibuo, akavuta. Kilitoka kwanza udongo wa nyigu, kama sentimita moja, mgumu kama kigae. Nyuma yake tambara la pamba lililooza. Nyuma ya tambara, uji mweusi wenye harufu ya kiberiti. Risasi haikuwemo. Lakini baruti tupu iliyobanwa kati ya kizibo cha chuma na tambara lililoshindiliwa, juu ya moto wa tochi ya gesi, uso wa fundi ukiwa karibu… sitaendelea.

Baada ya kuwa salama tuliomba kwa barua kuupima na kuupiga picha pale pale kituoni, mbele ya askari. Tulipewa asubuhi mbili. Tulienda na vitu hivi: kipimo cha venia (chenye taya, cha kupimia upana), rula ya chuma, mizani ya jikoni, mafuta ya cherehani, vitambaa vya pamba, kipande cha waya mnene wa shaba nyekundu tulichokipondaponda kiwe kama patasi, vijiti vya mwanzi, karatasi nyembamba, penseli laini, tochi ya simu. Vyote, ukiacha venia tuliyoazima kwa mwalimu wa ufundi, havikufika shilingi 10,000.

Kusafisha kwa namna sahihi kunachosha watu wenye haraka. Unapaka mafuta, unasubiri. Kwa kutu nyepesi siku tatu zinatosha. Wa kwetu, askari wa zamu alikubali uachwe umeviringishwa kitambaa chenye mafuta kwa siku kumi kati ya asubuhi ya kwanza na ya pili. Kutu nyekundu, ile inayochafua kidole, inalainika na kuachia. Unaikwangua kwa shaba au mwanzi, kwa sababu vyote viwili ni laini kuliko chuma na havichani. Unafuta, unapaka tena. Ukifika kwenye rangi ya kahawia iliyokolea isiyochafua kidole, simama. Hiyo ndiyo ngozi. Msasa, tupa, siki, ndimu, maji ya betri, vyote viache nyumbani. Ukimaliza, futa mafuta na upake nta ya nyuki nyembamba sana. Na usihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Mtu wa Mufindi au Makete anajua ukungu unavyolowesha kila kitu asubuhi. Chuma ndani ya nailoni kinatoka jasho na kutu inaanza upya. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha.

Vipimo sasa. Urefu bila mkia sentimita 22.8, karibu sana na inchi 9 za Kiingereza. Uzito gramu 540. Unene wa nje upande wa nyuma milimita 29, katikati 25, mdomoni 21.5. Tundu la ndani, mdomoni kabisa 17.6, lakini ukiingiza taya za venia sentimita moja na nusu ndani linakuwa 17.2. Kumbuka hiyo 17.2.

Vipimo hivi vinajibu maswali kabla hujatafuta chapa. Swali la kwanza ni kama mtutu ni wa kiwandani au ni wa mhunzi wa hapa kwetu. Magobori mengi ya kienyeji yametengenezwa kwa mabomba ya maji au rodi za usukani wa magari. Bomba lina unene uleule mwanzo hadi mwisho, ndani mwake mara nyingi utaona mstari ulionyooka wa kiungo, na nyuma limezibwa kwa kuchomelea. Mtutu wa kale unapungua unene kuelekea mdomoni, kwa sababu shinikizo la baruti ni kubwa nyuma na dogo mbele, na hakuna fundi wa zamani aliyependa kubeba chuma cha bure. Wetu unapungua milimita saba na nusu kwa urefu wa sentimita 22.8, na kizibo chake kimeingizwa kwa hesi, yaani kwa kuzungushwa kama skrubu, mkia wake umefuliwa pamoja nacho. Si bomba.

Swali la pili linawachanganya hata wajuzi: je, ni mtutu wa bastola tangu mwanzo, au ni wa bunduki ndefu uliokatwa? Wawindaji walikata sana. Angalia ukuta wa chuma pale mdomoni. Wetu ni chini kidogo ya milimita 2. Bunduki ndefu ikikatwa sentimita 23 kutoka nyuma, pale bado chuma ni kinene mno, zaidi ya hapo mara mbili. Tena mdomo uliokatwa kwa msumeno hauwi mraba na mhimili wake, na ukimulika utaona mistari ya meno. Mdomo wetu ni mraba, na ukingo wake wa ndani umelika upande mmoja, kazi ya mdeki ulioingia na kutoka miaka mingi. Ndiyo maana 17.6 mdomoni na 17.2 ndani. Chini ya mtutu kuna vishikizi viwili vidogo vyenye vitundu, vya kupitishia pini za kuushika kwenye mti wa silaha, na nafasi zake zinalingana na urefu huu. Bastola tangu kuzaliwa.

Ukiwa na mtutu mfupi zaidi, sentimita nne hadi nane, wenye hesi kwa nje au kwa ndani upande wa nyuma, usidhani umevunjika. Kuna bastola za mfukoni ambazo mtutu wake ulifunguliwa kwa mkono au kwa ufunguo ili baruti na risasi ziwekwe nyuma. Ndani ya mdomo wake huwa na vijino vya kushikia ufunguo.

Kisha namna ya kuwasha. Gumegume, silaha ya jiwe la kutoa cheche, huwasha kwa cheche zinazopita kitundu cha ubavuni. Silaha ya fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, inahitaji kifa, yaani ile chuchu ya chuma inayovalishwa fataki, na kifa kinahitaji hesi. Tundu letu la moto ni dogo, milimita 2 na nusu, limepanuka kwa kuliwa na moto, halina hesi. Kwa hiyo ni gumegume na halijawahi kubadilishwa. Ungekuta tundu limepanuliwa na kutiwa kipande cha silinda cha kubebea kifa, ungejua lilizaliwa gumegume likageuzwa kuwa la fataki baadaye.

Wengi husema gumegume ni kongwe kuliko fataki, basi imetoka miaka ya 1700. Huku kwetu hesabu hiyo haisimami. Majeshi ya Ulaya yaliacha gumegume kufikia miaka ya 1840, lakini viwanda vya Birmingham na Liège viliendelea kuyatengeneza kwa soko la Afrika kwa miongo mingi baada ya hapo. Mwindaji wa bara angepata wapi fataki? Jiwe la gumegume halihitaji duka. Hata Mkataba wa Brussels wa 1890, uliobana uingizaji wa silaha za kisasa Afrika, uliacha mwanya kwa magobori ya gumegume yasiyo na mifuo ndani ya mtutu. Gumegume iliyokutwa Iringa inaweza kuwa changa kuliko fataki iliyokutwa London.

Chapa ndizo zinazokata shauri. Kuzisoma hakuhitaji kioo cha dalali. Zima taa, laza tochi karibu na chuma ili mwanga upite kwa ubavu, uzungushe polepole. Chapa iliyofifia inatokea kwa kivuli chake, inapotea, inatokea tena. Piga picha sita saba kila mwanga ukibadilika. Kisha laza karatasi nyembamba, shikilia isisogee, pitisha penseli kwa ubapa. Karatasi inaonyesha kile ambacho jicho linabishania.

Tulipata vitu vitatu, vyote upande wa kushoto karibu na nyuma. Duara lililobonyea kama yai, ndani yake herufi E juu, L na G chini. Pembeni kidogo, herufi moja yenye taji dogo juu yake. Na zile namba za dalali: 17, nukta, 2.

Yai la ELG ni chapa ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. Mitutu ilijazwa baruti kupita kiasi, ikafyatuliwa, na iliyostahimili ikapigwa chapa. Yai hilo lilianza baada ya amri ya 1810, enzi za Napoleon. Kuanzia 1893 likawekewa taji juu. Sasa angalia grenda ilipopita: juu ya yai. Chuma pale ni laini kama kioo. Kama kulikuwa na taji au hakukuwa nalo, hakuna atakayejua. Dakika tatu za brashi ya waya zilikula tofauti ya kabla na baada ya 1893.

Kilichotuokoa ni ile herufi ndogo yenye taji, ambayo udongo wa ukutani ulikuwa umeifunika. Ni chapa ya mkaguzi. Wakaguzi wa Liège walitumia herufi yenye taji kuanzia 1853 hadi 1877, kisha taji likaiachia nyota nafasi. Mtutu wetu basi ni wa kati ya miaka hiyo. Na 17.2 si mwaka hata kidogo. Liège waliandika upana wa tundu kwa milimita, nukta yake imeliwa na kutu lakini penseli iliikamata. Venia yetu ndani ilisema 17.2. Mara chache chuma cha kale hukujibu waziwazi hivyo.

Kwa wenye mitutu mingine: fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji na herufi BPC ni Birmingham kati ya 1813 na 1904. GP iliyofumwa pamoja chini ya taji ni ya chama cha watengeneza bunduki wa London. Simba aliyesimama akishika taji ni Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, kuanzia 1808. Namba nzima isiyo na nukta, kama 16 au 24, kwenye silaha za Kiingereza ni idadi ya risasi za duara zinazotoka kwenye ratili moja ya madini ya risasi, si mwaka wala milimita. Namba 24 ni tundu la milimita 14.7, namba 16 ni 16.8. Wetu kwa mtindo huo ungekuwa 15. Neno TOWER lenye taji kwenye bamba la mtambo usiliamini peke yake, maana lilipigwa sana kwenye silaha za biashara ili zionekane za jeshi la Uingereza.

Nilipopata 1853 hadi 1877 nilifurahi, kisha nikakumbuka mwaka mwingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kitu hicho hakiuzwi ovyo wala hakivuki mpaka bila kibali. Mtutu wetu una miaka kumi upande mmoja wa mstari na kumi na minne upande wa pili. Taji lililosagwa lisingetusaidia hapo, lakini chapa ya mtengenezaji labda ingesaidia, na kama ilikuwepo upande wa juu, nayo ilikwenda na grenda. Tuliamua kuuhesabu kuwa wa kale. Ukiwa katika shaka ya namna hii, kuuhesabu hivyo hakukugharimu kitu. Kuuhesabu vinginevyo kunaweza kukugharimu kesi ya pili juu ya ile ya silaha.

Na bei? Nitasema kama ilivyo. Bei ya mtutu mtupu hupimwa kwa jina la mtengenezaji, ukamilifu wa chapa, ngozi, na kama unaweza kumalizia silaha ya mtu aliyekosa mtutu. Usitazame bei wanazoomba wauzaji, tazama bei ambazo vitu vimeuzwa kweli minadani, kisha kumbuka mnada hukata sehemu yake. Mtutu wa bastola ya biashara wa Liège, bila jina, bila mtambo, bila mti, wenye alama za spana na sehemu iliyong'arishwa, kwenye masoko ya nje ni kitu cha dola 40 hadi 80. Haufiki laki mbili na nusu. Usingesagwa wala kung'atwa na spana, labda ungeongezeka nusu yake. Milioni 40 ni bei ya hadithi, na hadithi hiyo inalipiwa na mwenye nyumba.

Sisi tulitumia hivi: dalali 150,000, nauli za Mbeya watu wawili kwenda na kurudi 92,000, chumba 30,000, fundi 10,000, safari za mjini 24,000, mafuta na nta na pamba 9,500, kuchapisha picha 6,000. Jumla 321,500. Tumetumia zaidi ya thamani ya kitu, na hatujauza, wala hatutauza.

Kinachoupa uzito hapa nyumbani ni maelezo yake: ulikuwa ukuta upi, urefu gani kutoka chini, nani alijenga, nani aliishi. Dalali alitusihi tusimwambie mtu ulikotoka. Alitaka tufute kitu pekee ambacho mtutu wa Liège uliotengenezwa kwa maelfu hauwezi kukipata sokoni. Tuliyaandika yote hayo kwenye karatasi moja, na picha, na nakala ya penseli, baba mkubwa akatia sahihi, mtendaji akagonga muhuri. Nakala moja iko kituoni pamoja na mtutu, ukisubiri barua kati ya polisi na Idara ya Mambo ya Kale. Ombi letu ni kwamba ukae makumbusho ya mkoani hapa, ama Iringa Boma ama Kalenga. Nakala ya pili iko ndani ya Biblia ya mama mkubwa.

Askari aliyekuwa akitusimamia aliuliza swali zuri siku ya mwisho: "Mzee, na mtambo wake uko wapi?" Baba mkubwa akamtazama. Ukuta wa mashariki haujabomolewa. Mti utakuwa umeliwa na mchwa, lakini bamba la mtambo, kilinda kidole cha shaba, pini mbili za vishikizi na skrubu ya mkia haviozi haraka hivyo. Tumekubaliana ukuta ushushwe kwa mikono baada ya mavuno ya mahindi, udongo wake upitishwe kwenye chekeche la mchanga, mtendaji akiwepo. Binamu ameombwa siku hiyo grenda yake ibaki karakana.